Kitufe Hakina Maana Mpaka Ukipe: Kidhibiti cha Gemu Kama Chombo cha Kazi

Chukua kazi ya kuchambua picha 1,200 za tukio moja. Kila picha inadai uamuzi: ibaki, itupwe, au iondolewe alama isubiri. Katika Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, uamuzi huo una herufi zake, P kwa picha ya kubaki, X kwa ya kutupwa, U kwa kufuta alama, kisha mshale wa kulia unakupeleka kwenye picha inayofuata. Vitufe vinne basi. Lakini kwa ajili ya vitufe hivyo vinne unaikalia kibodi yenye vitufe zaidi ya mia, mkono mmoja umening'inia juu ya P, mwingine juu ya X, shingo imechomoza kuelekea kioo cha kompyuta, saa mbili nzima. Nilifanya kazi hivyo kwa miaka kadhaa kabla ya kuchukua kidhibiti kidogo cha gemu, kile kinachoenea kiganjani, nikavipa vitufe vyake vinne kazi hizo nne na kuegemea kiti.

Niseme mapema msimamo wangu. Kidhibiti cha gemu hakifai kuandikia, na anayejaribu kukifanya kibodi atakichoka kabla wiki haijaisha. Kinafaa kuamulia. Kazi yoyote ambayo ndani yake uamuzi uleule mdogo unarudi mara mia, ibaki au itupwe, ninakumbuka au nimesahau, nisikilize tena au niendelee, hiyo ndiyo kazi yake. Mtu anayeandika ripoti hahitaji kidhibiti. Mtu anayesoma kurasa 300 za ripoti za wengine na kuzipanga mafungu matatu anakihitaji, hata kama hajui.

Watu niliowaelekeza wengi hukwama mahali pamoja. Wanaunganisha kidhibiti, taa inawaka, kompyuta inakitambua, wanafungua waraka au jedwali la hesabu, wanabonyeza kitufe cha A, na hakitokei chochote. Wanadhani kifaa ni kibovu. Kifaa ni kizima. Kilichokosekana ni kitu ambacho hakuna aliyewaambia kuwa kinahitajika.

Kibodi inasema, kidhibiti kinaweka mezani

Kibodi na kidhibiti, vinapounganishwa kwa USB au Bluetooth, kwa kawaida huzungumza na kompyuta kwa utaratibu unaofahamika kwa kifupi kama HID, uliotungwa kwa ajili ya vifaa vinavyoguswa na binadamu. Kila baada ya muda mfupi, mara nyingi milisekunde 8 kwa vifaa vya kawaida vya USB, kompyuta hukiuliza kifaa: una jipya? Kifaa hujibu kwa furushi dogo la namba. Furushi la kibodi katika muundo wake wa msingi lina baiti 8: moja ya Ctrl, Shift, Alt na wenzao, moja tupu, na sita za vitufe vingine vilivyo chini wakati huo. Furushi la kidhibiti hubeba hali ya kila kitufe, kimebonyezwa au hakijabonyezwa, pamoja na mahali vijiti vyake, vile vinavyosukumwa kwa kidole gumba, vilipoegemea.

Hadi hapo ni ndugu. Wanaachana furushi likishafika. Namba za kibodi zina maana iliyokubaliwa tangu zamani, kwa hiyo mfumo wa kompyuta huzipokea wenyewe, huzigeuza kuwa herufi kulingana na lugha ya kibodi uliyochagua, na kuzipeleka kwenye dirisha lililo mbele, liwe limeziomba au halikuziomba. Namba za kidhibiti hazina maana hiyo ya pamoja. Kitufe namba 1 ni kuruka katika gemu moja, kupiga risasi katika nyingine, kufunga breki katika ya tatu. Mfumo haujaribu kubahatisha. Huziweka mezani tu, na programu inayozitaka ije izichukue. Gemu huja kuziangalia mara nyingi kila sekunde. Jedwali la hesabu haliji, wala halijui kama kuna meza.

Ukilielewa hilo, mengine yote yanafunguka. Kukipa kidhibiti kazi za ofisi maana yake ni kutafuta mkalimani: kitu kitakachochukua namba za kidhibiti na kuzisema kwa lugha ya kibodi. Ndiyo maana sipendi kusema "kubadilisha vitufe". Vitufe havibadiliki, kwa sababu havikuwa na maana tangu mwanzo.

Windows ina meza mbili kuu, na jambo hili limewapotezea wengi jioni zao. Ya zamani, DirectInput, ni ya miaka ya 1990 na huita vitufe kwa namba. Ya pili, XInput, ilikuja na Xbox 360 mwaka 2005. Inaviita vitufe kwa majina na haipokei zaidi ya vidhibiti 4 kwa wakati mmoja. Vidhibiti vingi vidogo vinaweza kukaa kwenye meza yoyote kati ya hizo, kutegemea swichi iliyo pembeni au kitufe unachoshikilia wakati wa kukiwasha. Ukikiwasha leo kwa namna hii na kesho kwa namna ile, mpangilio ulioupanga kwa saa nzima utaonekana umevurugika. Haujavurugika. Umekaa meza nyingine. Chagua namna moja, iandike kwenye kipande cha karatasi, ibandike nyuma ya kidhibiti.

Na usiziamini herufi zilizochorwa juu ya vitufe. Kwenye vidhibiti vya Nintendo, A iko kulia na B iko chini. Kwenye vya Xbox, A iko chini na B iko kulia. Mimi hufikiri kwa mahali tu: cha chini, cha kulia, cha kushoto, cha juu. Kidole gumba hakisomi herufi.

Mkalimani akae wapi

Kuna mahali patatu anapoweza kukaa, na hapa ndipo ushauri wa watu hugongana, kwa sababu kila mtu anaelezea pake bila kusema kuwa kuna pengine.

Anaweza kukaa ndani ya kidhibiti chenyewe. Vifaa kama 8BitDo Micro vina swichi yenye hali ya kibodi: ukiisogeza hapo, kidhibiti hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi halisi, na kila kitufe hutuma herufi uliyokipangia kupitia programu ya simu. Kompyuta haijui tofauti. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kompyuta ya ofisi ambayo huruhusiwi kuweka programu yoyote itakipokea, tableti itakipokea, simu itakipokea. Hasara yake ni kwamba kidhibiti hakijui uko kwenye dirisha gani. Kitufe kinachotuma X kitatuma X kwenye picha, kwenye barua pepe, na kwenye kisanduku cha nywila.

Anaweza kukaa katikati, kama programu inayofanya kazi nyuma ya pazia kwenye kompyuta. JoyToKey ni kongwe na nyepesi, ni ya Windows. AntiMicroX ni ya chanzo huria, hufanya kazi Linux na Windows, na kila profaili yake, yaani mpangilio wa vitufe uliohifadhiwa kwa jina, ina seti 8 unazoweza kuruka kati yake. Steam Input, iliyomo ndani ya Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, ndiyo yenye uwezo mpana zaidi niliowahi kutumia: matabaka, menyu za mduara, hata kusogeza kielekezi kwa kuinamisha kidhibiti, lakini inadai Steam iwe imefunguliwa muda wote, jambo ambalo kwenye mashine ya kazi si kila mtu analitaka. reWASD ni ya kulipia. Kinachoifanya nafasi hii ya katikati iwe tamu ni kwamba mkalimani anaona dirisha lililo mbele. Unaweza kumwambia: tukiwa kwenye picha, kitufe cha chini ni P; tukiwa kwenye video, kitufe hichohicho ni K; tukiwa kwenye barua pepe, nyamaza. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo watu wanalosahau.

Au anaweza kukaa ndani ya programu unayoitumia. Anki, programu ya kadi za kukariri inayopendwa sana na wanafunzi wa udaktari, ina nyongeza iitwayo Contanki inayosoma kidhibiti moja kwa moja. Pale programu yako inapokuwa na kitu kama hicho, kitumie. Kinajua mengi kuhusu kazi hiyo ambayo mkalimani wa nje hawezi kuyajua. Ila ni programu chache zenye bahati hiyo.

Ushauri wangu kwa anayeanza kwenye kompyuta yake mwenyewe ni aanzie katikati. Kwenye kompyuta ambayo si yake, aanzie ndani ya kidhibiti. Kuna anayechanganya vyote viwili, kidhibiti kiko kwenye hali ya kibodi na programu ya katikati inasikiliza pia, kisha anashangaa kila picha inaruka mbili. Wakalimani wawili kwenye mkutano mmoja hutoa kila sentensi mara mbili. Angalia hasa Steam: ikiwa imefunguliwa, kwa kawaida huwa tayari imekipa kidhibiti kazi za eneokazi, kielekezi kwenye kijiti na amri kwenye vitufe, hata kama hukumbuki kuiruhusu.

Nini kiende wapi

Kabla ya kufungua programu yoyote, fanya kazi yako ya kawaida kwa saa moja ukiwa na karatasi pembeni, na kila unapotumia mkato wa kibodi, yaani vitufe vinavyotoa amri badala ya kipanya, piga mstari. Ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeipenda, lakini bila hiyo utapanga unachodhani unakifanya badala ya unachokifanya. Mimi niliamini natumia kukuza picha mara nyingi sana. Karatasi ilionyesha natumia tendua, amri ya kufuta hatua ya mwisho, mara tatu zaidi.

Amri inayorudi zaidi iende chini ya kidole gumba, mahali kinapotua chenyewe. Inayofuata iende pale kidole gumba kinapofika kwa kuteleza, si kwa kuinuka. Tendua iwe mahali pamoja katika kila profaili, bila kujali programu. Kwangu ni bega la kushoto, kitufe cha ukingo wa juu wa kidhibiti, kwa sababu mtu anapokosea mkono hukaza wenyewe, na kidole cha shahada kipo pale tayari. Amri inayofuta kitu isikae peke yake kwenye kitufe kimoja kamwe. Iwe ya vitufe viwili kwa pamoja, ili kuifikia kuwe ni kukusudia.

Kuna hila moja ambayo ningependa kila mtu aijue. Kibodi nyingi za leo zinaishia F12, lakini Windows inatambua vitufe hadi F24. Kibodi za zamani za terminali za kompyuta za IBM, zenye vitufe 122, zilikuwa navyo kweli. Havipo mezani kwako, lakini mkalimani anaweza kuvituma. Maana yake una majina 12 ya amri ambayo karibu hakuna programu iliyoyachukua. Pale programu yako inapokuruhusu kuchagua mikato yako mwenyewe, ipe F13, F14, F15, kisha vipe vitufe vya kidhibiti hizohizo. Hata ukibonyeza kwa bahati mbaya ukiwa kwenye dirisha lisilohusika, kwa kawaida hakuna kitakachotokea. Hapo ndipo kasoro ya kidhibiti kisichojua dirisha inapopona kwa sehemu kubwa.

Zingatia pia jinsi mkato wenye vitufe viwili unavyotumwa. Kutendua ni Ctrl na Z. Mkalimani hubonyeza Ctrl, hubonyeza Z, huachia Z, huachia Ctrl, hatua nne. Mawasiliano yakikatika katikati, betri imekwisha kwa mfano, Ctrl hubaki imebonyezwa, na ghafla kompyuta nzima inafanya vituko: ukibofya faili mbili zinachaguliwa zote, ukizungusha gurudumu la kipanya maandishi yanakuwa makubwa. Kabla ya kuwasha upya kompyuta, gusa Ctrl ya kibodi halisi mara moja uiachie. Imeniokoa zaidi ya mara moja.

Matabaka na bei ya kusubiri

Kidhibiti kidogo kina mishale minne, vitufe vinne vya mbele, mabega mawili au manne, na vitufe viwili vidogo katikati. Mtu akishazoea huona ni vichache, na hapo huanza kutafuta njia ya kuvizidisha. Zipo mbili, na gharama zake hazilingani.

Ya kwanza ni kukipa kitufe kimoja amri kadhaa kwa kutazama muda: kukigusa mara moja ni amri hii, mara mbili ni ile, kukishikilia ni nyingine. Inavutia, na ndipo wengi wanapouharibu mpangilio mzuri. Jiweke kwenye nafasi ya mkalimani. Kitufe kimebonyezwa na kimeachiwa. Je, mtu amemaliza, au anarudi kwa mguso wa pili? Hawezi kujua mpaka asubiri. Ukimwambia kuwa miguso miwili ndani ya milisekunde 250 ni amri moja, basi kila mguso mmoja utachelewa milisekunde 250, hata siku nzima ambayo hukuhitaji miguso miwili. Robo ya sekunde kwa picha 1,200 ni dakika 5 za kusubiri bure. Dakika 5 mtu anaweza kuzisamehe. Asichoweza kukisamehe ni hisia: mkono unaamuru, macho hayaoni jibu, na mkono unabonyeza tena kwa mashaka. Kushikilia kuna gharama ndogo zaidi, kwa sababu mkalimani hujua jibu mara tu unapoachia. Kwa hiyo amri za kila sekunde ziwe za mguso mtupu kwenye kitufe kisicho na kazi nyingine, kushikilia kuwe kwa amri za nadra, na miguso miwili mimi siitumii kabisa.

Njia ya pili ni tabaka. Kidole kimoja hakivunji chawa: bega la kulia likiwa limeshikiliwa, vitufe vyote vingine vinabadilika maana, na likiachiwa vinarudi. Mkalimani hasubiri chochote, kwa sababu wakati kidole gumba kinapobonyeza, bega tayari liko chini. Vitufe 8 vikitumika pamoja na bega moja vinatoa amri 16. Na mabega mawili, kila moja peke yake au yote pamoja, vinatoa 32. Hesabu hiyo ni tamu kwenye karatasi. Kichwani, mimi sijawahi kuvuka amri 14 bila kuanza kutazama mkono wangu, na siku unapotazama mkono, kidhibiti kimepoteza sababu ya kuwepo.

Wazo hili si geni kama linavyoonekana. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart alionyesha mbele ya hadhira mfumo wa kompyuta ambao ndani yake kipanya kilionekana hadharani. Watu wanakikumbuka kipanya kilichokuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya kifaa chenye vitufe vitano virefu mfano wa vya kinanda, vilivyobonyezwa kwa mafungu: vitufe vitano vinatoa mafungu 31. Kipanya kilienea dunia nzima. Kifaa cha kushoto kilisahauliwa, kwa sababu kilidai mtu ajifunze. Wachoraji wa kidijitali wamekifufua bila kukitaja jina. Mkono wa kulia unashika kalamu, wa kushoto unashika Joy-Con moja ya Nintendo Switch yenye uzito wa kama gramu 50, na vitufe vyake vinabadilisha brashi, vinakuza turubai, vinatendua mstari. Ni mgawanyo uleule wa Engelbart: mkono mmoja unaonyesha mahali, mwingine unatoa amri.

Kijiti si kipanya

Wengi wakishamaliza vitufe hugeukia kijiti na kukitaka kisogeze kielekezi. Kinaweza, lakini hakitawafurahisha, na sababu inafaa kueleweka. Kipanya kinatuma umbali: umekisogeza sentimita moja, kielekezi kinasogea kiasi chake, kisha kinatulia. Kijiti kinatuma mwegemeo, na mwegemeo hugeuzwa kuwa kasi. Ili kufika kwenye kitufe kidogo kwenye kioo, lazima uanzishe mwendo, uukadirie, na uuzime kwa wakati. Unaendesha gari badala ya kunyoosha kidole. Mwaka 1978 Stuart Card, William English na Betty Burr walilinganisha kipanya, kijiti kinachogeuza msukumo kuwa kasi, na vitufe vya kusogezea katika kuchagua maandishi kwenye kioo. Kipanya kilishinda kwa kasi na kwa usahihi. Vijiti vimeboreka tangu hapo, lakini kanuni ya kasi haijabadilika.

Kuna na hili la mkono kutokuwa juu yake. Kijiti kikiachwa hakirudi katikati kabisa. Kinabaki pembeni kidogo. Ndiyo maana programu huweka eneo la ukimya kuzunguka katikati, ambamo mwendo wowote unapuuzwa. Katika XInput kijiti husomwa kuanzia -32768 hadi 32767 kwa kila mhimili, na ukimya uliopendekezwa na Microsoft ni 7849 kwa kijiti cha kushoto na 8689 kwa cha kulia. Karibu robo ya safari yote ya kijiti, kwa hiyo, inatupwa. Ukipunguza ukimya, kielekezi huanza kutambaa chenyewe kwenye kijiti kilichozeeka. Ukiuongeza, unapoteza miendo midogo, ambayo ndiyo hasa uliyoihitaji.

Pale kijiti kinaposhinda ni kusogeza ukurasa. Kusoma waraka mrefu ni suala la kasi tangu mwanzo: egemeza kidogo, maandishi yanapanda taratibu, egemeza sana, yanakimbia. Hakuna gurudumu la kipanya linaloweza kufanya hivyo kwa ulaini huo. Kwenye mpangilio wangu kijiti kimoja kina kazi hiyo peke yake, na ndicho kitu ambacho ningekikosa zaidi kikiondolewa.

Mahali kinapong'aa, mahali kinapodanganya

Kadi za Anki ni mfano safi. Kitufe kirefu cha nafasi kinafunua jibu, kisha 1 hadi 4 zinasema ulikumbuka kwa kiasi gani. Cha chini kifunue, cha kushoto kiwe 1, cha kulia kiwe 3, bega liwe tendua, R iwe mahali fulani kwa kusikiliza sauti tena. Mtu anaweza kupitia kadi 200 akiwa amesimama dirishani. Uhariri wa video nao unakubali: J, K na L za kurudisha, kusimamisha na kupeleka mbele, I na O za kuweka mwanzo na mwisho wa kipande, ni zilezile katika Premiere Pro na DaVinci Resolve, kwa hiyo profaili moja inatosha zote mbili.

Kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa ndiko kunakodanganya. Inaonekana ni kazi ya vitufe vitatu: simamisha au endelea, rudi nyuma, ruka mbele. Katika oTranscribe, tovuti ya kunukuu sauti, ni Esc, F1 na F2. Nilikipangia kidhibiti vizuri, nikaanza, na baada ya dakika kumi nikakiweka chini, kwa sababu mikono yote miwili inahitajika kwenye kibodi na kila kusimamisha sauti kulikuwa ni kukiokota tena. Ndiyo maana wanukuzi wa muda mrefu hutumia kanyagio la mguu. Kidhibiti kilipata nafasi yake baadaye, katika kusikiliza mara ya pili: maandishi yapo tayari, unasoma na kusikia, unarudi sekunde tano, unaweka alama penye kosa, unaendelea. Kazi ileile, hatua mbili. Moja ni ya kuandika, nyingine ni ya kuamua.

Vikwazo vilivyobaki ni vya mfumo. Tangu Windows Vista, programu yenye mamlaka ya kawaida hairuhusiwi kutuma vitufe kwenye dirisha linaloendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi. Kidhibiti kikikataa kwenye dirisha moja tu na kukubali kwingine kote, anza kutazama hapo. Kwenye Mac mkalimani lazima apewe ruhusa ya kudhibiti kompyuta katika mipangilio ya faragha, vinginevyo hukaa kimya bila kulalamika. Kwenye Linux anahitaji ruhusa ya uinput, njia ya mfumo ya kuigiza vitufe, na ukiwa kwenye Wayland, utaratibu mpya wa Linux wa kuonyesha madirisha, kubadilisha profaili kulingana na dirisha kunagoma, kwa kuwa Wayland kwa makusudi haiziachii programu kuchunguliana. Kushikilia kitufe ili mshale ujirudie kunaweza pia kugoma katika Windows, kwani kujirudia huko ni kazi ya upande wa kibodi, na kitufe kilichotumwa na programu hakipiti huko. Tafuta mpangilio wa kurudia ndani ya mkalimani mwenyewe. Na kidhibiti cha Xbox kisicho na waya hujizima baada ya dakika 15 za kutoguswa, kwa hiyo ukirudi kutoka kwenye mazungumzo marefu, mguso wa kwanza utapotea.

Kuna watu ambao kwao haya yote si starehe ya kuegemea kiti. Mtu ambaye vidole vyake havienei kwenye kibodi, au mkono wake mmoja haufanyi kazi, anaweza kupata kompyuta yake yote kupitia mkalimani huyuhuyu. Xbox Adaptive Controller ya mwaka 2018 ilitengenezwa kwa ajili yao: ina vitufe viwili vikubwa vya kupigwa kwa kiganja na matundu 19 ya milimita 3.5 nyuma, kila tundu likipokea swichi ya nje, ya mguu, ya kiwiko, ya kidevu. Kompyuta inaona kidhibiti cha kawaida cha Xbox, na kila nilichoeleza juu ya matabaka na muda kinatumika, ila uzito wake ni mwingine. Kwa mtu huyo kuchelewa kwa robo sekunde kunaweza kuwa ndiko kunakomsaidia, kwa sababu mkono unaotetemeka hugusa mara mbili bila kutaka.

Mikono mizima nayo ina mipaka. Vidhibiti vidogo vinabana vidole vikubwa, na kidole gumba kinachobeba kazi ya vidole kumi kitalalamika. Nimegawa: amri tatu za juu ziko kwenye kidole gumba, mbili kwenye mabega, na kila baada ya nusu saa nahamisha kidhibiti mkono mwingine, nikitumia mishale badala ya vitufe vya mbele, ambayo nimeipa amri zilezile kwa mpangilio uliogeuzwa, kama unavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia.

Vitufe viwili vidogo vya katikati havina kazi hadi leo. Nilivipa kuhifadhi na kufunga, nikavinyang'anya baada ya siku tatu, kwa sababu hapo ndipo kidole gumba hutua ninapokiokota kidhibiti bila kutazama.